MAISHA YA IBN NAFIS, TABIBU WA KISHAFII ALIYEELEZA CHAKULA CHA MOYO

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na shukrani zote ni zake Yeye aliyemuumba mwanaadamu, akamtilia kifuani moyo upigao usiku na mchana pasina mwenyewe kuuamrisha. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika vijitabu kama hiki imezoeleka kuelezwa maisha ya masahaba, na maimamu, na mawalii. Leo twataka kueleza maisha ya mtu ambaye wengi katika sisi hawamjui hata kwa jina, ilhali yeye ni mwanachuoni wa fiqhi katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Pwani, na pia ni mkuu wa matabibu wa Misri katika zama zake. Mtu huyo ni Ibn Nafis.

Lililotutia hima ni jambo lionekanalo hapa Pasiansi, na katika Mwanza yote, na ndugu zetu wa Mombasa, na Tanga, na Unguja waliona kwao. Mtu mzima mwenye nguvu zake ashikwa na maumivu ya kifua usiku. Wenziwe wamwambia ni kiungulia, au ni upepo, au ni jicho la watu. Apewa chai ya tangawizi, aambiwa alale. Alfajiri yatangazwa maziko. Nasi husema kuwa ajali yake imefika, na neno hilo ni la kweli. Lakini aliyeiumba ajali ndiye aliyeziumba sababu, na ndiye aliyewapa waja wake akili ya kuzitafuta. Ibn Nafis alikuwa mmoja wa waliozitafuta, na alilolipata juu ya moyo latuhusu sisi hata leo.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Ali bin Abil-Hazm Al-Qurashi, na lakabu yake ni Alauddin. Watu wakamjua zaidi kwa jina la Ibn Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Sham, upande wa Damascus, kiasi cha mwaka 607 Hijria, nao ni mwaka 1210 Miladia. Wako wasemao kuwa ni mwaka 610.

Zama zake zilikuwa zama za misukosuko. Wafaranja walikuwa wangali wameshika miji ya pwani ya Sham, na mwaka 1249 mfalme wa Ufaransa alishuka Misri kwa jeshi kubwa. Mwaka 1258 Wamongoli waliuvunja mji wa Baghdad na kumuua Khalifa, na mwaka 1260 waliingia Damascus. Mwaka huo huo ndipo majeshi ya Misri yalipowashinda Wamongoli pale Ain Jalut. Twayataja haya ili ijulikane kuwa elimu haikungoja raha. Wakati miji ikichomwa moto, alikuwako mtu ameketi na kalamu yake akiuliza damu hupita njia gani ndani ya kifua.

MASOMO YAKE

Alisoma utabibu Damascus, katika hospitali iliyojengwa na Sultani Nuruddin Mahmud bin Zengi, na hospitali hiyo ikaitwa kwa jina lake, Bimaristani ya Nuri. Bimaristani za zama zile zilikuwa mahali pa kutibia na mahali pa kusomeshea kwa pamoja: mwalimu hupita kwa wagonjwa na wanafunzi wake nyuma yake, kisha huketi akawasomea vitabu na kujibu maswali yao.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Muhadhabuddin Abdul-Rahim, maarufu kwa jina la Ad-Dakhwar, aliyekufa mwaka 628 H. (1230). Huyu alikuwa tabibu wa masultani, na wanafunzi wake wengi walikuja kuwa wakubwa.

Wala Ibn Nafis hakuikata elimu ya dini kwa ajili ya elimu ya mwili. Alisoma fiqhi, na usuli, na hadithi, na nahau, na mantiki. Aliandika kitabu kifupi katika elimu ya usuli wa hadithi. Aliandika pia sharhi ya kitabu cha Tanbihi cha Imamu Shirazi, nacho ni katika vitabu mashuhuri vya fiqhi ya Kishafii. Ndiyo maana Tajuddin Subki, alipowakusanya wanavyuoni wa Kishafii katika kitabu chake cha tabaka, alimtia naye miongoni mwao.

KWENDA KWAKE MISRI

Alihama Sham akenda Kairo, na huko akakaa mpaka kufa kwake. Alipanda daraja hatta akawa mkuu wa matabibu wa Misri, na akawa tabibu wa Sultani Baybars, aliyetawala toka mwaka 1260 hatta 1277. Na pamoja na cheo hicho alikuwa akisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriya. Basi asubuhi huulizwa juu ya homa na mapigo ya mshipa, na baadaye huulizwa juu ya tohara na mirathi, na yote huyajibu.

Alipata mali nyingi, akajenga Kairo nyumba nzuri yenye marumaru. Wasimulizi wasema kuwa hakuoa. Umbo lake lilikuwa refu na jembamba, na tabia yake ilikuwa ya upole.

TABIA ZAKE NA UANDISHI WAKE

Yasimuliwa kuwa alipotaka kuandika aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha kuchongwa, kisha akaelekea ukutani, akaandika kwa hifadhi yake bila ya kutazama kitabu chochote, maneno yakimiminika kama maji ya mvua. Kalamu ikiwa butu huitupa na kutwaa nyingine, ili asipoteze wakati wa kuichonga.

Yasimuliwa tena kuwa siku moja aliingia hamamu kuoga. Alipokuwa katikati ya kuoga alitoka akenda kwenye ukumbi wa kuvulia nguo, akataka wino na kalamu na karatasi, akaanza kuandika risala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza. Kisha akarudi ndani, akamaliza kuoga kwake.

Na usiku mmoja alikutana na Kadhi Jamaluddin bin Wasil, mwanachuoni na mwandishi wa tarikhi. Walipokwisha sala ya Isha walianza kujadiliana, wakitoka elimu hii wakiingia elimu ile. Kadhi alipandwa na harara, macho yakawa mekundu na mishipa ikamvimba. Ibn Nafis alisema kwa utulivu tu, hatta alfajiri ikawakuta. Mwisho Kadhi akakiri kuwa wao wana masala na nukta tu, ama mwenziwe ana khazina za elimu.

Katika kutibu alikuwa na mwendo wake. Hakumpa mgonjwa dawa ikiwa chakula chatosha kumponya, wala hakumpa dawa ya kuchanganywa ikiwa dawa moja yatosha. Yasimuliwa kuwa muuza dawa mmoja, aliyekuwa akikaa dukani kwake, alichoka kumwona akiwaandikia wagonjwa vyakula. Akamwambia kuwa akitaka kuandika hayo na akakae katika duka la muuza nyama, lakini maadamu amekaa kwake aandike sukari na sharbati na madawa. Hakuuacha mwendo wake kwa ajili hiyo.

Vitabu vyake ni vingi. Mashuhuri kati yao ni Mujaz, nao ni muhtasari wa kitabu cha Qanun cha Ibn Sina, na matabibu wa nchi nyingi waliusoma kwa karne kadhaa. Alianza pia kitabu kikubwa mno kiitwacho Shamil, alichokusudia kiwe juzuu 300. Alizimaliza 80 kabla ya kufa.

YALIYOSEMWA JUU YA MOYO KABLA YAKE

Ili msomaji ajue ukubwa wa aliloleta, lazima kwanza ajue waliyokuwa wakiyaamini watu. Jalinus, ambaye Wazungu humwita Galen, alikuwa tabibu wa Kiyunani katika karne ya 2 Miladia. Yeye alisema kuwa damu hutengenezwa katika ini, na sehemu yake huingia chumba cha kulia cha moyo. Kisha hupenya kwenda chumba cha kushoto kwa vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta utenganao vyumba hivyo viwili. Kwa miaka zaidi ya 1,000 matabibu walilipokea neno hilo.

Sheikh wa matabibu, Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 H. (1037), aliandika Qanun, na hapakuwa na kitabu cha utabibu kikubwa kuliko hicho. Naye katika jambo la moyo alifuata kwa sehemu kubwa waliyoyasema Wayunani. Alitaja kuwa moyo una vyumba vitatu, na kuwa chakula cha moyo ni ile damu iliyomo katika chumba chake cha kulia.

ALIYOYASEMA YEYE

Kiasi cha mwaka 640 H. (1242), umri wake ukiwa karibu na miaka thalathini au umeipita kidogo, Ibn Nafis aliandika sharhi ya sehemu za Qanun zinazoeleza viungo vya mwili. Katika dibaji ya sharhi hiyo alieleza kuwa sheria, na huruma aliyokuwa nayo, zilimzuia kupasua maiti. Kwa hiyo katika maumbo ya viungo hutegemea waliotangulia, khasa Jalinus. Lakini katika kazi za viungo hutegemea lile lipasalo kwa kutazama na kufikiri, likiwafikiana na waliotangulia au likikhalifu.

Alipofika penye moyo alikhalifu. Alisema kuwa moyo una vyumba viwili tu. Na ule ukuta ulio baina yao ni mnene, hauna vitundu vionekanavyo wala visivyoonekana. Ikiwa ni hivyo, damu ya chumba cha kulia haina njia ya kupita hapo. Nayo lazima ifike chumba cha kushoto, basi njia yake ni mapafu. Hutoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa, hutawanyika katika mapafu, huchanganyika na hewa, kisha hukusanywa na mshipa mwingine na kuletwa chumba cha kushoto. Akaongeza kuwa baina ya mishipa ile miwili ndani ya mapafu yako matundu madogo ya kupitishia.

Ulaya neno hili liliandikwa mwaka 1553 na Michael Servetus, na mwaka 1559 na Realdo Colombo, yaani miaka zaidi ya 300 baada ya Ibn Nafis. Na ile mishipa midogo mno iunganishayo katika mapafu haikuonekana kwa jicho mpaka mwaka 1661, alipoitazama Marcello Malpighi wa Italia kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo.

CHAKULA CHA MOYO

Hili la mapafu ndilo lililomtoa Ibn Nafis jina. Lakini katika sharhi hiyo hiyo liko neno jingine, fupi, nalo ndilo kusudio letu. Alilikataa neno la kuwa moyo hulishwa na damu iliyomo katika chumba chake cha kulia. Alisema kuwa chakula cha moyo ni damu ipitayo katika mishipa iliyoenea ndani ya mwili wa moyo wenyewe.

Jambo hili mtu aweza kuliona dogo. Lakini na atazame bustani ya mchicha iliyo kando ya ziwa letu hapa Pasiansi. Ziwa Nyanza li mbele yake, maji yake hayana mwisho machoni. Je, mchicha wanywa maji kwa kuwa u jirani ya ziwa? La. Wanywa kwa kijifereji kilichochimbwa mpaka shinani. Fereji likizibwa na tope, mchicha hunyauka na ziwa lingali limejaa. Na moyo ndivyo ulivyo. Hupitisha damu yote ya mwili, hujaa na kumwaga mara kama 100,000 kwa siku, wala hauwezi kujilisha kwa damu iliyojaa vyumbani mwake. Hungoja sehemu yake iletwe na mishipa yake, miembamba, ambayo upana wake ni milimita chache tu. Mshipa huo ukizibwa, kipande cha moyo hufa kwa njaa katikati ya shibe.

Hapa yatupasa insafu, maana kumsifu mtu kwa asilosema ni kumdhulumu. Ibn Nafis hakueleza ugonjwa wa kuzibika kwa mishipa hiyo, wala hakutaja dawa yake. Wala hakusema kuwa damu ya mwili mzima huzunguka na kurudi moyoni, kwani hilo lilibainishwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Yeye alidhani, kama waliomtangulia, kuwa damu na hewa vikichanganyika hufanya roho ya uhai katika chumba cha kushoto. Aliweka jiwe la msingi, na wengine wakajenga juu yake. Jiwe hilo peke yake latosha kuwa sifa.

Na tutazame adabu yake. Hapana aliyemtumikia Ibn Sina kuliko yeye: aliifupisha Qanun, akaisherehesha, akaisomesha. Lakini heshima haikumzuia kusema kuwa hapa Sheikh amekosa. Ndivyo alivyokuwa Imamu Shafii kwa mwalimu wake Imamu Malik: alisoma kwake, akampenda, akamsifu, na katika masala kadhaa akasema asemavyo dalili.

KUFA KWAKE NA WAKFU WAKE

Aliugua siku sita, akiwa na umri wa kiasi cha miaka 80 ya Hijria. Matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kidogo, wakiona kuwa wafaa kwa maradhi yake. Alikataa, akasema kuwa hatakutana na Mola wake na ndani ya mwili wake mna kitu cha ulevi. Akafariki alfajiri ya Ijumaa, mwezi 21 Dhulqaada mwaka 687 H., nao ni Desemba 17, 1288.

Asije mtu akaifanya khabari hii kuwa hoja ya kukataa dawa. Ibn Nafis alikataa mvinyo, hakukataa utabibu, bali umri wake wote aliutoa katika utabibu. Anayekataa dawa ya halali, kisha akajifananisha naye, amemfuata katika saa moja na kumkhalifu katika miaka sitini.

Kabla ya kufa aliiweka wakfu nyumba yake na maktaba yake kwa hospitali ya Mansuri ya Kairo. Hospitali hiyo ilijengwa na Sultani Qalawun mwaka 683 H. (1284), na kisa chake ni ajabu. Yasimuliwa kuwa Qalawun alipokuwa amiri tu aliugua Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika ile hospitali ya Nuri, alikosoma Ibn Nafis. Akaweka nadhiri kuwa akipata ufalme atajenga mfano wake, naye akaitimiza. Basi hospitali ya kwanza ilimzaa tabibu na ilimponya mfalme. Mfalme akajenga ya pili, na tabibu akaipa vitabu vyake. Hii ndiyo maana ya sadaka yenye kuendelea.

KUSAHAULIWA KWA KITABU CHAKE

Sasa twafika penye majonzi. Ile sharhi ya maumbo ya viungo ilinakiliwa, ikawekwa katika makabati. Mujaz ikaendelea kusomwa, kwa kuwa ni nyepesi kwa mwanafunzi. Lakini ile kurasa ya moyo haikumwondoa Jalinus katika vichwa vya watu. Tabibu mmoja wa Italia, Andrea Alpago, aliyekaa Damascus miaka mingi, alitafsiri kwa Kilatini baadhi ya maandiko ya Ibn Nafis, yakapigwa chapa Venice mwaka 1547. Kwetu sisi usingizi ukaendelea.

Mpaka mwaka 1924 kijana wa Kimisri, Muhyiddin At-Tatawi, aliyekuwa akisoma udaktari Freiburg katika Ujerumani, aliusoma mswada wa sharhi hiyo uliokuwamo katika maktaba ya Berlin. Akayaona maneno ya mapafu na moyo, akayaandikia risala ya shahada yake. Waalimu wake walishangaa, wakampelekea khabari Max Meyerhof, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Kairo na kujua Kiarabu. Huyu akaitafiti, akaona kuwa ni kweli, akaitangaza kwa walimwengu.

Tangu kuandikwa kwake hatta kusomwa kwake na At-Tatawi ilipita miaka zaidi ya 680. Hakuna adui aliyekichoma kitabu hicho. Kilikuwako siku zote, ila wenyewe hawakukifungua. Basi tusijifakharishe kwa Ibn Nafis mbele ya watu kabla ya kuuliza nafsi zetu: ni vitabu vingapi vimo katika masanduku ya wazee wetu, Lamu na Unguja na Bagamoyo, vyaliwa na mchwa?

YALIYOJULIKANA BAADA YAKE

Mwaka 1768 William Heberden wa Uingereza alieleza mbele ya matabibu wenziwe maumivu ya kifua yamshikayo mtu anapotembea, khasa akipanda kilima, nayo yakaondoka akisimama. Mwaka 1912 James Herrick wa Marekani alieleza kuwa mshipa wa moyo waweza kuzibwa na damu iliyoganda, na kuwa mgonjwa si lazima afe papo hapo. Katika zama hizo hizo Willem Einthoven wa Uholanzi alitengeneza chombo kiandikacho umeme wa moyo, na leo chombo cha namna hiyo humwonyesha tabibu moyo unaoteseka katika muda wa dakika chache.

Mwaka 1967 René Favaloro, mtu wa Argentina, alifanya kazi Cleveland katika Marekani ya kutwaa mshipa wa mguu na kuufanya njia mpya ya damu kupita pale palipozibwa. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig, katika mji wa Zürich, aliingiza mrija mwembamba wenye kipulizo kidogo mpaka ndani ya mshipa wa moyo, akakijaza, na mshipa ukapanuka. Kazi hizi zote mbili sasa zafanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Na zote zasimama juu ya neno lile moja: moyo hulishwa na mishipa yake.

Wako wanaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Zamani neno hilo lilikuwa na sura ya ukweli. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, matabibu wa Mulago waliona maradhi haya kwa nadra mno kwa Waafrika, hatta mgonjwa mmoja alipopatikana aliandikiwa makala katika jarida la matabibu la Afrika Mashariki mwaka 1956. Mwaka 1959 Shaper na Jones walitoa utafiti wao wa Uganda. Waliwalinganisha Waafrika na Wahindi, na wakaona kuwa Wahindi, ambao maradhi haya yalikuwa mengi kwao, walikuwa na mafuta ya kolesteroli mengi zaidi katika damu kuliko Waafrika, na chakula chao kilikuwa mbali mbali. Nchi ni moja, na hewa ni moja, lakini sahani si moja.

Leo sahani zimekaribiana. Katika hospitali ya Bugando, iliyo kilimani hapa Mwanza, ulifanywa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliolazwa baina ya mwaka 2009 na 2011, na maradhi yaletwayo na shinikizo la damu yakaonekana kuwa katika sababu kubwa za vifo. Na katika Moshi utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwapima watu wazima zaidi ya 600 waliofika hospitali kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na moyo uliozibikiwa na damu, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo.

YATUPASAYO SISI

Ewe ndugu msomaji, kuzibika kwa mishipa hakuji kwa siku moja. Mafuta hujenga utando katika kuta za mshipa kwa miaka, na mtu hajui. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake na njia hufungika. Wasaidizi wa utando huo wajulikana: tumbaku, shinikizo la damu, kisukari, kolesteroli nyingi, unene, na kukaa pasipo kutembea. Tujipime. Wanaume wangapi barazani, baada ya kahawa na sigara, wajua bei ya samaki wa leo, wala hawajui kipimo cha damu yao?

Na dalili zake zijulikane nyumbani. Ni kifua kubanwa kama kimekaliwa na mzigo, maumivu yakienda begani, au mkono wa kushoto, au taya, au mgongo, pamoja na jasho la baridi, au kichefuchefu, au pumzi kukatika. Mwenye kisukari na mzee waweza kushikwa bila ya maumivu makali. Likitokea hilo asilazwe kungoja asubuhi, achukuliwe hospitali saa ile ile, kwani nyama ya moyo iliyokosa damu huanza kufa kabla ya saa kutimia. Aombewe dua njiani. Dua haigombani na mwendo wa gari.

Na matajiri wetu na wakumbuke wakfu wa Ibn Nafis. Msikiti una mazulia ya kutosha. Kipimo cha shinikizo la damu, kikawekwa hapo na mtu wa kukitumia kila baada ya sala ya Ijumaa, ni wakfu pia, na thamani yake ni ndogo kuliko zulia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Alauddin Ibn Nafis, na awalipe kheri waliokitoa kitabu chake gizani, na aijaalie mioyo yetu iwe hai kwa kumtaja Yeye, na iwe salama ndani ya vifua vyetu mpaka siku aliyoiandika. Amin.